Vuai Anadi Piano ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa pwani ambao leo umebaki magofu, palikuwa na sultani aitwaye Shekuwe, mtu mwenye tamaa ya vya watu. Naye alikuwa na piano kuukuu ya kusimama, iliyovimba kwa unyevu, akataka kuibadilisha na farasi mweupe wa tajiri mgeni, Bahashwani.

Ilikuwa desturi ya mji ule dalali kutangaza kasoro za kila bidhaa kabla watu hawajapeana mikono. Na dalali mwenyewe alikuwa Vuai, fukara asiye na kitu ila kibanda na sifa ya kusema kweli. Basi Sultani akamwita, akamwambia, "Ewe Vuai, inadi piano yangu. Lakini jihadhari! Atakayetaja kasoro yake, hata moja, nyumba yake itachukuliwa."

Vuai akaingiwa na hofu, maana mkewe, Mwanakombo, alikuwa mja mzito. Akisema, watalala nje. Akinyamaza, atakuwa amemdanganya mgeni wa watu, na hilo lilimuuma mno. Akakuna kichwa, kisha akajibu, "Maulana, nitaisifu tu."

Ikawa siku ya mnada baraza limejaa pomoni. Vuai akaipangusa piano vumbi, akapaza sauti.

"Enyi mabwana! Piano hii ina adabu. Waipiga kwa nguvu zako zote, na mtoto aliyelala ubavuni hagutuki! Ina vibonyezo themanini na vitano, lakini bwana usihangaike kujifunza vyote, kumi na tisa vyakutosha! Tena hutakuwa mpweke nayo, kwani ndani mna mama panya na wanawe sita, wapole wote, nao hawaongezi bei hata kidogo!"

Bahashwani akacheka hata kilemba kikamlegea, akaomba ruhusa akamtazame farasi wake, na hakurudi.

Sultani akawaka. "Mwanaharamu we! Umetaja kasoro!"

"Hasha, maulana. Nimesifu tangu mwanzo hadi mwisho. Kasoro ipi niliyoitaja?"

"Ipi? Hukusema imekufa sauti? Hukusema vibonyezo vimeoza, na tumboni imejaa panya?"

Vuai akainama kwa heshima zote.

"Sasa zimetajwa, maulana. Je, askari waende kuichukua nyumba ya nani?"

Sultani akatazama nguzo za jumba lake, akamtazama Vuai, mara kicheko kikamtoka asiweze kukizuia, na baraza zima likamfuata. Alipopata pumzi akauliza, "Haya, niambie kweli. Thamani yake nini?"

"Mbao za kitanda kimoja, maulana, na nyaya za kuanikia nguo. Kwa yule farasi, haifiki hata mkia."

Sultani akaona haya, akaifuta amri yake mbele ya watu wote. Naye Vuai akaenda zake mbio kwa Mwanakombo, akamkuta mlangoni, amekwisha kufunga mizigo.