Bunduki ya Senkondo

Mtu mmoja aliishi milimani Upare pamoja na mkewe, katika nyumba ya bati yenye mlango mmoja wa mbao na komeo ambalo hawakuwa na mazoea ya kulifunga. Yeye aliitwa Senkondo, na mkewe Namkunda. Binti yao wa pekee, Nakiete, alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu, na Senkondo hakuwa na kitu duniani alichokithamini kama yule mwanamke. Likumbukeni hilo mnaponisikiliza. Yote aliyoyafanya, aliyafanya kwa ajili yake.

Kule kwao nyumba hazikaribiani. Hii iko mgongoni mwa kilima, ile iko ng'ambo ya bonde, na katikati kuna migomba, kahawa na vijito. Ndiyo maana watu wa huko wanaishi kwa yowe. Mtu akipatwa na jambo hupiga yowe, na kila mwanamume anayelisikia huacha alichoshika, liwe jembe au tonge la ugali, akakimbia kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Hukanyaga mahindi ya watu, huvunja ua, huingia bila hodi. Hakuna anayedai fidia ya mahindi yaliyokanyagwa siku ya yowe. Asiyefika huitwa kikaoni aeleze alikuwa wapi, na maelezo yake hayasikilizwi kwa huruma nyingi.

Basi ikasikika kwamba upande wa pili wa mlima wezi wamevamia nyumba, wamemkata mzee mmoja mapanga na kuondoka na ng'ombe wake. Habari ile ilipokuwa ikitembea, wezi walizidi kuongezeka. Ilipofika kwa Senkondo walikuwa kundi zima. Usingizi ukamhama. Alimtazama mkewe akiwa ameinama kwenye mafiga, akaiona shingo yake, akafikiria panga. Akaweka komeo la pili, kisha la tatu. Nami nisijifanye mwema mbele yenu, mlangoni kwangu yapo matatu vilevile. Hata hivyo Senkondo hakupata utulivu. Mwishowe akasema atanunua bunduki.

Namkunda alicheka kidogo, akamwuliza, "Baba Nakiete, hivi wewe unawaogopa wezi au unawaogopa watu?"

Senkondo alifuata njia zote halali, kuanzia kwa mtendaji wa kijiji hadi kamati ya ulinzi, hadi polisi wilayani. Walimwuliza maswali, akayajibu. Waliwauliza majirani kama ni mtu wa fujo, na majirani wakasema hapana, ni mtu mtulivu kabisa. Aliyemsemea vizuri kuliko wote alikuwa Togolai, aliyeishi ng'ambo ya bonde na ambaye Senkondo alitahiriwa naye pamoja. Akapewa kibali, akanunua bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, na kabati la chuma la kuifungia.

Askari mmoja mstaafu alikubali kumfundisha. Walikwenda kwenye shimo la kokoto lililoachwa siku nyingi, wakasimamisha gunia lililoshindiliwa majani makavu ya migomba. Risasi ya kwanza ilimsukuma nyuma akakaa chini, na bega likavimba hata Namkunda akamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Wiki iliyofuata alirudi. Alijifunza kubana kitako cha bunduki kwenye bega, kulaza shavu, kutoa pumzi polepole na kuvuta kifyatulio bila kukikwapua. Alijifunza kutazama kilicho nyuma ya shabaha. Wiki ya tano alilichana gunia katikati mara sita mfululizo, akasikia furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu ujana. Yule askari alimpongeza, akamwambia kwamba yaliyobaki hayafundishiki shimoni. Senkondo alidhani ni maneno ya kuagana tu.

Baada ya hapo akaanza kuitazama nyumba yake kwa jicho jipya. Nyuma ya jiko palikuwa na mteremko mkali, na juu ya mteremko migomba na miti iliyopandwa na baba yake, imefungamana hata mtu akisimama humo haonekani. Zamani alikuwa akiona kivuli. Sasa aliona maficho. Aliifyeka yote kwa siku nne, akang'oa na visiki, mpaka ardhi ikabaki tupu na nyekundu kutoka ukingo wa juu hadi ukuta wa jiko. Namkunda aliuliza ndizi watazipata wapi. Akamwambia kwamba sasa hata paka akishuka pale atamwona.

Mwezi huohuo Namkunda akakuta nyoka, koboko, ndani ya ghala, akapiga yowe. Watu wakaja kama ilivyo kawaida yao, mbio, kutoka kila upande, na fimbo na mapanga mikononi. Senkondo alitoka chumbani na bunduki yake, akaona wanaume wanaruka ua wake. Aliyekuwa mbele alikuwa Togolai. Senkondo alibana kitako begani, akalaza shavu, akatoa pumzi polepole. Togolai alisimama, mikono juu, na fimbo ikamwanguka. Walitazamana hivyo kwa muda ambao kila aliyekuwapo aliona ni mrefu mno. Kisha Senkondo akaushusha mtutu. Koboko alipata nafasi ya kuondoka zake.

Hakuna aliyeumia. Lakini Senkondo aliona aibu, na aibu ile ikamfanya atafute utaratibu. Jumapili aliomba nafasi kikaoni, akasimama mbele ya watu. Aliwaomba radhi. Akawaambia wasiingie tena kwake kupitia uani, maana anaweza kuwafananisha na wezi. Akawaambia kwamba marisau hutawanyika na hayachagui. Kwa hiyo wakisikia bunduki yake ikilia, wafunge milango, walale chini, mtu asitoke. Mambo yatakuwa ya hatari, na yeye mwenyewe atamalizana nayo. Alisema kwa nia njema, na hapo ndipo panaponiuma mimi ninayesimulia. Watu walimwelewa, wakakubali kwa sauti moja.

Wakatii pia. Nyani waliposhuka shambani, Senkondo alipiga risasi moja hewani kuwafukuza, na ng'ambo ya bonde watoto wakaingia chini ya vitanda, kwa sababu mama zao walikuwa wamewafundisha. Baada ya miezi michache walikuwa wanalala chini bila kuambiwa. Naye Senkondo, yowe lilipopigwa kwa wengine, hakutoka. Silaha haiachwi peke yake nyumbani, hata ikiwa kabatini, ndivyo alivyoielewa sheria, wala hakutaka tena kuibeba katikati ya watu. Kwa hiyo alibaki mlangoni akiilinda bunduki iliyonunuliwa imlinde. Aliitwa kikaoni mara moja kujieleza, akajieleza, na hawakumwita tena.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika, na siku ya tatu, saa tisa alasiri, Namkunda alikuwa jikoni akitazama chungu cha makande. Ule mteremko mtupu ukashuka. Haukupiga kelele nyingi. Ulisukuma ukuta wa nyuma kama mtu anavyosukuma mlango kwa bega, na paa la jiko likainama likalala.

Senkondo alimkuta mkewe amezikwa mpaka kifuani, na boriti ya paa imemlalia mapajani chini ya tope. Alikuwa hai. Alikuwa anazungumza, tena kwa akili timamu. Senkondo alifukua kwa jembe, akafukua kwa mikono, akaifikia boriti, akaivuta hadi akasikia kitu kikikatika mgongoni mwake, na boriti haikusogea. Tope lilikuwa bado linakuja, taratibu, kiganja kimoja, kisha kingine. Akapiga yowe. Alipiga yowe kwa nguvu zote alizokuwa nazo, lakini mvua ilikuwa ikipiga mabati yote ya kilimani kwa wakati mmoja na kijito cha bondeni kilikuwa kinanguruma, hata yeye mwenyewe aliisikia sauti yake kwa shida. Kwenda kwa Togolai na kurudi kulihitaji muda ambao tope lisingempa.

Ndipo alipokumbuka kwamba anayo sauti iliyo kubwa kuliko mvua.

Namkunda alimwona akikimbilia nyumbani, akajua anafuata nini. "Acha hiyo," alisema. "Baba Nakiete, acha hiyo, ita watu." Lakini kifua chake kilikuwa kimebanwa, na sauti haikufika mbali. Msimcheke Senkondo, wala msiseme ninyi mngekumbuka. Mtu anayeona uso wa mkewe unafunikwa hakumbuki alichosema kikaoni mwaka uliopita.

Akapiga mitutu yote miwili hewani. Akaweka risasi nyingine, akapiga tena.

Ng'ambo ya bonde, kwa Togolai, wanaume wanne walikuwa wamejikinga mvua, wakinywa kahawa. Togolai mwenyewe alikuwa wa tano. Walisikia. Mlio wa kwanza ulipofika wote walishtuka, na mmoja akasimama akaelekea mlangoni, maana mwili wake ulikuwa haujasahau. Mwenzake akamvuta shati. Wakafunga mlango, wakalala sakafuni pamoja na watoto. Mlio wa tatu, wa nne. Walidhani wezi ni wengi. Mlio wa saba, wa nane. Togolai akasema kwa kunong'ona, Mungu amsaidie. Kila Senkondo alivyozidi kuwaita, ndivyo walivyozidi kujibana kwenye sakafu. Kisha risasi zikamwishia, na kimya kile kikawaogopesha zaidi kuliko milio, kwa sababu walidhani sasa wezi wameshinda.

Saa kumi na mbili kasoro mvua ilipopungua, walikuja. Walikuja wakinyata, wakisimama kila hatua chache, wakiliita jina lake kutoka mbali ili asiwafananishe. Walimkuta amekaa kwenye tope, amekishika kichwa cha mkewe kisizame. Alikuwa bado amekishika vizuri, ingawa Namkunda alikuwa amekwisha kufa. Bunduki ilikuwa kando yake, mitutu imejaa maji.

Senkondo aliwatazama mmoja mmoja. Togolai aliliona swali machoni pake, akavua kofia yake.

"Tulizisikia, ndugu yangu," alisema. "Tulizisikia zote. Tulilala chini kama ulivyotuambia."

Kisha wale watano wakaishika boriti, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakainyanyua. Ilinyanyuka mara moja. Senkondo aliiona ikinyanyuka, na wanasema hapo ndipo alipolia, siyo kabla.

Namkunda alizikwa keshokutwa yake. Nakiete alikuja kutoka kwa mumewe, akamzika mama yake, akakaa siku saba, na baba yake hakuweza kumtazama usoni. Bunduki ilirudishwa polisi. Askari aliyeipokea alisoma karatasi zake, akaziona hazina kosa: imetunzwa kwa sheria, haikuwahi kumjeruhi mtu, haikuwahi kuibwa. Na mwizi je? Mwizi hakufika katika nyumba ile, si kabla ya bunduki wala baada yake. Sasa nyumba ile haina kitu cha kuibwa, na mlango wake hufungwa kwa makomeo matatu kila jioni, kwa sababu mkono wa Senkondo umezoea.

Mngependa niwaambie kwamba watu wa kilima kile walijifunza. Sikuwakuta wamejifunza. Togolai hanywi tena kahawa na mtu yeyote. Miti haijapandwa tena kwenye mteremko. Yowe bado hupigwa, lakini mtu akilisikia husimama kwanza akauliza linatoka kwa nani, na ana nini mkononi, na je, ni yowe kweli. Na akishapata majibu, mara nyingi yowe huwa limekwisha nyamaza.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja na mlango wake na makomeo yake, nawauliza jambo moja tu, na msinijibu mimi: sauti ikitoka nyumbani kwako leo alasiri, jirani yako atakimbilia kwako, au atalala chini?