Unyayo wa Mjukuu wa Masatu

Paukwa!

Pakawa!

Mtungi?

Wa maji.

Maji?

Ya kinamasi.

Na kinamasi?

Mmenyamaza. Basi hapo ndipo hadithi ilipo. Sogeeni motoni, na wewe uliyelalia mguu wa mwenzako, mwachie mguu wake. Leo nasimulia polepole, maana ukiikosa sehemu moja utakuja kuniuliza kesho nikiwa na kazi.

Hapo zamani za kale, wakati samaki walipokuwa wakiitwa wanaitika, palikuwa na mzee aitwaye Masatu, na mkewe Nyafuru, na binti yao mmoja tu, Nyanjura. Chini ya nyumba yao palikuwa na kinamasi kikubwa kilichojaa mafunjo, yale majani marefu yenye vichwa vya nywele. Nyafuru aliyakata, akayaanika, akayasuka mikeka. Ukingoni palikuwa na chemchemi, na kijiji kizima kilichota hapo. Masika maji yalikuwepo, kiangazi maji yalikuwepo, na hakuna aliyejiuliza yanatoka wapi.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi mbili, zishikeni vizuri. Ya kwanza, binti akiolewa aliondoka kwao na kipande cha mzizi wa funjo, kimefungwa kwenye jani bichi la mgomba, akaenda kukipanda kwenye kinamasi cha kwa mumewe. Nyafuru alikuja na cha kwao, na Nyanjura aliondoka na cha kwa mama yake. Ya pili, mtoto wa kwanza wa binti huyo, siku anapoanza kusimama, huletwa kwa babu na bibi mzaa mama, akasimamishwa kwenye tope la kinamasi chao. Walisema mtoto asiyekanyaga tope la nyumbani alikozaliwa mama yake, atakuwa mgeni kila aendako. Msiniulize kama ni kweli. Mimi nilikanyagishwa, na mnaona ninavyojikalia popote kama mwenye nyumba.

Nyanjura akaolewa ng'ambo ya vilima vitatu. Masatu alimpenda binti yake kupita kiasi, na mapenzi ya kupita kiasi, wanangu, hushika jembe bila kuuliza. Alijisemea kwamba mjukuu wake atakapokuja asikute ghala tupu. Akachimba mfereji kutoka katikati ya kinamasi hadi mtoni. Maji yakaenda zake. Akayachoma mafunjo, akang'oa mizizi, akaichoma nayo, akapanda mahindi. Nyafuru alimwambia neno moja tu, kwamba mtu hatoboi mtungi kwa sababu anataka maji ya haraka. Masatu akacheka, akaendelea kupanda.

Mwaka wa kwanza mahindi yalimpita Masatu kimo. Mwaka wa pili yalimfika kiunoni. Mwaka wa tatu yalimfika kifundoni, na udongo ukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Chemchemi ikakauka. Wanawake wakaanza kufuata maji nusu siku ya mwendo. Nyafuru akaukunja mkeka aliokuwa ameusuka nusu, akausimamisha nyuma ya mlango, wala hakusema kitu. Masatu angependelea asemwe.

Siku moja Korongo, yule ndege mwenye taji kichwani, akatua uani kwa Masatu. Alileta habari njema kwamba Nyanjura amejifungua mtoto wa kike, na mtoto amepewa jina la bibi yake. Tena Nyanjura anauliza kama kinamasi hakijambo.

Masatu akatazama kando. "Mwambie kinamasi hakijambo," akasema.

Korongo mwenyewe alikuwa amehama hapo kwa kukosa mahali pa kutagia. Akamtazama Masatu kwa jicho la kulia, kisha kwa jicho la kushoto. "Mimi nabeba neno kama nilivyopewa, Mzee Masatu," akasema, akaruka.

Akarudi mara ya pili. Mtoto ameanza kucheka, na mama yake anauliza kama kinamasi hakijambo. Mwambie kinamasi hakijambo. Akarudi mara ya tatu. Mtoto ameanza kujigeuza, na mama yake anauliza kama kinamasi hakijambo. Mwambie kinamasi hakijambo. Na kila mara Korongo alibeba neno kama alivyopewa.

Baada ya uongo wa tatu Masatu aliona wazi kabisa siku mjukuu wake atakapofika, miguu laini, na yeye babu mtu akimsimamisha kwenye vumbi mbele ya wakwe. Akachukua jembe akashuka shambani, akaanza kuchimba huku na huku akitafuta maji. Jembe likagonga kitu kigumu. Ngo!

Sauti ikatoka ardhini. "Nani ananiamsha kabla ya masika?"

Alikuwa Kamongo. Mnamjua kamongo? Ni samaki mrefu kama nyoka aliyenenepa, anavuta pumzi kama mimi na wewe, na maji yakikauka hujifunika tope, akalala ndani yake mpaka mvua irudi. Kinamasi kilipokwisha wenzake wote walikufa au walihama. Yeye alilala.

Masatu akapiga magoti, akaamkia, "Shikamoo, mzee." Akamweleza shida yake yote, isipokuwa jambo moja, hakusema mfereji ulichimbwa na nani.

"Marahaba," akasema Kamongo kwa sauti ya usingizi. "Kukirudisha kinamasi ni masomo matatu. Lakini nina sharti. Somo la pili sikupi mpaka la kwanza umemfundisha mwingine. Babu yako nilimfundisha yote kwa siku moja, akaingia nayo kaburini. Nimechoka kufundisha makaburi."

Masatu akakubali. Kwa somo la kwanza Kamongo akamwambia akanyage kwa kisigino kwa nguvu, atoe mguu, ahesabu hadi tatu. Moja, mbili, tatu. Unyayo ulibaki mkavu, na sisimizi akapita katikati yake.

"Kinamasi kilicho hai hujaza unyayo kabla ya tatu," akasema Kamongo. "Hiki hakikuuawa na jua. Tope la mafunjo hunywa mvua ya masika, halafu kiangazi chote huitoa tone kwa tone, na hayo ndiyo mliyokuwa mkichota kwenye chemchemi. Sasa mvua ikinyesha yote inakimbilia mtoni. Nani alichimba mfereji ule?"

Masatu akakohoa. Akasema labda ni watu wa zamani. Kamongo akafunga jicho moja, akafunga la pili, akalala.

Basi Masatu akaenda kumfundisha mkewe. Akamleta shambani, akakanyaga, akahesabu, akaeleza habari ya tope na mvua na chemchemi. Nyafuru akasikiliza kama mwanafunzi mwema. Halafu akauliza, kwa upole sana, mfereji alichimba nani.

"Ni mimi, mama Nyanjura," akasema Masatu. "Nimekikausha kwa mkono wangu."

"Nilikuwa najua," akasema Nyafuru. "Nilikuwa nakungoja ujue wewe." Akamfuta vumbi begani, na siku hiyo wakala pamoja sahani moja, jambo ambalo lilikuwa limeachwa kwa muda mrefu.

Masatu akapata nguvu. Kwa pupa hakumrudia hata Kamongo. Alikwenda pale mfereji unapoingia mtoni, akajenga ukuta mmoja mkubwa, mrefu kumpita. Mvua za vuli zikaja, maji yakashuka kwa kasi, yakausukuma ukuta mara moja, mara mbili, na mara ya tatu ukaenda mtoni pamoja na kofia yake. Akaenda kugonga ardhi kwa mpini, ngo ngo ngo.

"Nani ananiamsha kabla ya masika? Ah, wewe. Umeshamfundisha mtu?" Masatu akasema ndiyo, tena na jina la mchimbaji amelitaja. Kamongo akafungua macho yote mawili. "Basi sikiliza somo la pili. Maji hayapigwi ukuta, maji hubembelezwa. Anza juu, mfereji unapoanzia. Chomeka fito safu mbili, jaza katikati mabonge ya udongo wenye nyasi zake, kati ufanye chini kidogo kuliko pembeni, ili maji yapite juu bila hasira. Shuka hatua chache, jenga kizuizi kingine kama hicho. Usimzuie mgeni, mcheleweshe tu. Akichelewa, atalala."

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Na hata ingekuwa, sharti ni sharti. Masatu akawaita majirani, akasimama mbele yao, akawafundisha yote, kisha akasema mchimbaji ni nani. Wengine walinung'unika. Mwanamke mmoja aitwaye Nyabise, ambaye shingo ilikuwa inamuuma kwa mitungi ya mbali, akamuuliza kwa nini watu wauguze kidonda alichojikata mwenyewe.

Masatu akasema hana sababu ya kuwapa isipokuwa kiu. Akachukua fito akashuka peke yake. Nyafuru akamfuata na kikapu cha udongo. Nyabise akawatazama wale wazee wawili wanavyoteleza, akasema wakivunjika viuno nao itabidi wachotewe maji. Akajifunga kanga kiunoni, akashuka, na wengine wakamfuata. Walijenga vizuizi saba, kutoka juu hadi chini. Na mvua ndogo ya mwisho ilipokuja, maji yalisimama nyuma ya kila kimoja, yakatulia.

Lakini tope lilikuwa uchi. Masatu akaenda mtoni, akakata mafunjo marefu yaliyonyooka, akayachomeka safu kwa safu. Kwa mbali yalipendeza. Siku ya tatu yalikuwa makavu yote. Akaenda kugonga, ngo ngo ngo.

"Umepanda nywele," akasema Kamongo kabla hajaulizwa. "Nywele hazioti. Somo la tatu ni kupanda mzizi, mnene, wenye chipukizi, ulazwe kwenye tope ukingoni, chipukizi litazame juu. Ndio utakaoushika udongo."

"Mizizi niliichoma," akasema Masatu. "Na ya mtoni imeshikana na mawe, haing'oki."

"Basi nenda ukamfundishe somo hili mwenye nayo," akasema Kamongo, akalala kabisa.

Masatu alijua mwenye nayo ni nani. Afadhali angekiri mbele ya vijiji kumi kuliko mbele ya binti mmoja aliyemwamini. Siku tatu alizunguka uani. Siku ya nne Korongo akatua. Mtoto ameanza kukaa, na mama yake anauliza kama kinamasi hakijambo.

"Mwambie hivi," akasema Masatu. "Mwambie nimemdanganya mara tatu. Kinamasi cha mama yake nilikikausha mimi, kwa kumpenda bila akili. Maji yamerudi kidogo. Mizizi sina, na funjo halioti bila mzizi wenye chipukizi. Ninamwomba mwanangu anirudishie kipande."

Korongo akamtazama kwa jicho la kulia, akamtazama kwa jicho la kushoto. "Hilo ni zito," akasema. "Lirudie, nisije nikaliangusha njiani." Masatu akalirudia, neno kwa neno.

Siku ya saba wakatokea vijana wanne wa ukweni, vikapu vichwani, mizizi ndani ya majani mabichi ya mgomba, ikidondosha maji. Na Korongo mbele yao na neno. "Mwambie baba niliondoka na kipande kimoja na ninarudisha vikapu vinne. Mtoto tayari anataka kutambaa. Hana subira, kama babu yake. Apande upesi."

Wakapanda kijiji kizima. Nyabise ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana wa ukweni, chipukizi juu, chipukizi juu, mpaka nao wakaomba waonyeshwe vizuizi, wakajenge kwao. Masika ikaja na nguvu zake. Vizuizi vikashika. Mafunjo yakatoa vichwa vidogo, na usiku vyura wakaanza kelele, na hakuna aliyelalamika.

Ikafika siku Nyanjura akaonekana kilimani na mtoto mgongoni. Masatu alimngojea pale kinamasini. Nyanjura akashuka mpaka ukingoni, akatazama mafunjo yaliyofika kiunoni tu, hayajawa kama yale ya utotoni mwake. Akaamkia, "Shikamoo, baba," akamkabidhi mtoto.

Masatu akamsimamisha Nyafuru mdogo kwenye tope, akamwachia. Mtoto akasimama. Akayumba. Akanyanyua mguu mmoja, akaketi topeni pwata! Watu wote wakacheka, isipokuwa babu. Babu alikuwa ameinama kwenye unyayo ule mdogo, mdogo kama kijiko.

"Moja," akasema. "Mbili."

Maji yakauingia, yakaujaza mpaka ukingoni.

Tatu hakuisema. Alikaa kwenye tope na nguo zake za sherehe, kando ya mjukuu wake, akalia, na mtoto akampaka tope usoni kwa kiganja kizima. Nyafuru mkubwa aliondoka taratibu akaenda nyumbani, akautoa mkeka nyuma ya mlango. Na kutoka majini kichwa kirefu kikachomoza, kikavuta pumzi, kikanung'unika kwamba kwa kelele hizi mtu hatalala tena miaka kumi. Kisha kikazama, na mkia ulikuwa unacheza.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye ukingo wa maji. Masomo matatu mmeyapata. Kesho kila mmoja akamsimulie mwingine, nisije nikawa nami nimefundisha makaburi.