Msiba wa Bibi Nyamizi Aliye Hai

Mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha jikoni?

Tunayo!

Haya. Hapo kale, mbuzi alipokuwa bado hajaijua kamba, palikuwa na bibi aitwaye Nyamizi. Moyo wake ulikuwa umechoka. Akichota maji, anahema. Akipepeta mtama, anahema. Akicheka, anahema. Akaja tabibu kutoka mbali, akautoa moyo ule, akamwekea wa chuma. Ti! Ti! Ti! Hauchoki! Wazee wenzake walipoona, nao wakawekewa. Basi katika nchi ile ikawa hafi mtu. Msinitazame hivyo, hata mimi ningewekewa.

Sasa sikilizeni. Kwao mtoto hupewa jina la mtu aliyekufa. Ndiyo desturi. Na hafi mtu! Akazaliwa mtoto, akaitwa Wewe. Wa pili, Wewe. Wa tatu, Wewe. Kijiji kizima Wewe!

Siku moja moto wa nyika ukawaka. Kabula, mjukuu wa Bibi Nyamizi, akakimbia huku na huku akimtafuta bintiye. "Wewe! Wewe! Wewe!" Mtoto akaja kupatikana nyuma ya ghala, nywele zimeungua.

"Hukusikia nikikuita?"

"Nilisikia, mama. Nilidhani unamwita mwingine."

Bibi Nyamizi aliyasikia hayo. Moyo wa chuma, lakini uliuma, jamani, uliuma! Akaondoka moja kwa moja hadi kwa Mtemi Lukelesha, naye mwenye moyo wa chuma.

"Mtemi, tuwape watoto majina mapya."

"Jina jipya wahenga hawalijui. Haiwezekani."

"Basi kitukuu wangu apewe langu."

"Jina moja, watu wawili? Haiwezekani. Mpaka ufe."

"Basi nimekufa. Tangazeni msiba."

"Bibi, una wazimu? Marehemu hana shamba! Hana nyumba! Hana kauli barazani!"

"Najua, baba. Lieni."

Wakalia. Bibi akakaa katikati ya matanga yake mwenyewe, anakula ugali kwa mlenda, anasikiliza sifa ambazo hakuna aliyewahi kumwambia. Shamba likawa la mtoto, nyumba ikawa ya mtoto, jina likawa la mtoto. Mtemi alikula, akashiba, akarudi kwake na jina lake.

Matanga yakaanuliwa. Jioni Kabula akaita kutoka jikoni, "Nyamizi! Njoo ule!"

Bibi akainuka, kama alivyoinuka maisha yake yote.

Mtoto akampita mbio mlangoni. "Abee, mama!"

Bibi akakaa tena. Akacheka, machozi yanamtoka, na kifuani ti, ti, ti.

Ngano nimeitua. Nani ataibeba?

Sisi!

Mkichoka?

Tutawatwika wengine!