Mtumbwi wa Harusi Ulipokwenda Mrama

Paukwa!

— Pakawa!

Ah, hiyo ni pakawa ya walioshiba. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa posa na ngoma, binti Paa alichumbiwa ng'ambo ya mto. Alimpenda mchumba wake, alimpenda hasa. Lakini wakwe walikuwa wametoa neno: "Bibi harusi afike kabla chungu cha pilau hakijaepuliwa. Akichelewa, tutajua ametukataa."

Kenge, mwenye mtumbwi, akawapakia asubuhi. Paa akakaa katikati, kajifunika shela, kimya, maana bibi harusi hasemi njiani. Wakaingia wakubwa watatu wa kumpeleka.

Mjomba Nyumbu akaketi ubavu wa kulia. "Mimi ni mjomba, nakaa kwenye heshima."

Shangazi Ngiri akaketi ubavu wa kulia. "Mimi ni shangazi, nakaa kwenye heshima."

Babu Nungunungu naye kulia kulekule, akiwachoma wenzake kwa miiba. "Mimi ni babu, nakaa kwenye heshima."

Kushoto hata nzi hakutua.

Wakaondoka. Kenge akaita: "Mjomba, mtumbwi unakwenda mrama! Sogea kushoto!"

"Kushoto, mimi? Wakwe watanionaje?"

Maji yakafika vifundoni. "Shangazi, mtumbwi unakwenda mrama!"

"Kushoto, mimi? Wakwe watanionaje?"

Maji yakafika magotini. "Babu, mtumbwi unakwenda mrama!"

"Kushoto, mimi? Wakwe watanionaje?"

Mtumbwi ukapinduka, ukagonga mwamba, ukapasuka. Wakubwa wakang'ang'ania vipande, na Kenge akabaki kuwasukuma kuelekea ukingoni. Paa akaanza kuogelea.

"Rudi! Bibi harusi haogelei!" Akaogelea.

"Unatuaibisha!" Akaogelea.

"Tungoje sisi wakubwa!" Akaogelea.

Akatokea ng'ambo kaloa chapachapa. Mama mkwe alikuwa ameshika vitambaa, anainama kuepua chungu. Ngoma zikanyamaza.

"Kulikoni, mwanangu? Wako wapi waliokuleta?"

Paa akavua shela. "Tumekwenda mrama, mama. Mtumbwi ulikuwa mzima na mto shwari. Wakubwa wangu walikaa upande mmoja wote. Nami niliona, nikanyamaza. Sitanyamaza tena."

Mama mkwe akatupa vitambaa chini. "Basi chungu kikae motoni, kiungue kikitaka. Mkwe nimempata."

Ndoa ikafungwa, pilau ikaungua. Wageni wakaionja, wakatazamana: "Pilau imekwenda mrama!" Ngoma ikachanika kwa kupigwa: "Ngoma imekwenda mrama!" Wakacheka mpaka wakatokwa machozi. Tangu siku hiyo, jambo lolote likiharibika, husemwa limekwenda mrama.

Funzo lake ni hili: mkiwa katika chombo kimoja, kaeni pande zote; na anayeona maji yanaingia aseme, hata akiwa bibi harusi.

Hadithi imefika ng'ambo, mimi nashuka. Nanyi mliojazana ncha moja ya benchi kukwepa moshi, sogeeni, litawamwaga.