Mgunga wa Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao, ukame uliikausha nyika nzima. Mti mmoja tu ulibaki na majani mabichi, mgunga uliokuwa nyuma ya nyumba ya Digidigi. Mama huyo mdogo alikuwa na watoto wawili, na mgunga ule ndio uliowalisha.

Asubuhi moja, gu! gu! gu! Akaja Tandala na mapembe yake.

"Hodi! Leo naumaliza mti huu!"

Digidigi aliogopa, lakini uso akaukunjua. Mti ule aliujua vizuri. Jani moja likiumizwa, chembe za chokaa zilizomo ndani yake huamka, zikakimbiza habari tawi kwa tawi: "Tunaliwa!" Kila jani linalosikia huwasha moto wake wa ndani, moto usioonekana, likajipika likawa chungu. Ndiyo maana yeye alichuma machache, upesi, kisha akauacha mti utulie.

"Karibu, kaka! Ila usile ovyo kama sisi wadogo. Wakubwa huuamsha mti kwanza."

"Kuuamsha? Vipi?"

"Uchape kwa pembe! Tafuna jani moja kila tawi, uteme. Kisha pumzika barazani nikuletee maji. Utamu utapanda wenyewe."

Tandala, kusikia ameitwa mkubwa, akavimba. Pwaa! Pwaa! Akachapa matawi. Kwachu, kwachu, ptuu! Akatafuna, akatema. Kisha akaketi barazani, akanywa maji taratibu huku akijisifu. Digidigi akamsikiliza, akamwongezea maji.

Ghafla Tandala akanusa. "Mbona mti unanuka ukali?"

"Ndio utamu huo, kaka! Umeshapanda!"

Tandala akainuka mbio, akajaza kinywa.

"Akh! Ulimi wangu! Unaungua!"

"Pole, kaka. Labda tawi la juu?"

Akajaribu la juu. Lo! Uchungu ulimkaba koo, machozi yakamtoka.

"Mti gani huu? Kaa nao mwenyewe!" Akatimka, patapata patapata, vumbi likafunika njia.

Digidigi akacheka hadi akakaa chini. Akawazuia watoto wasiuguse mgunga mpaka ulipotulia. Kisha wakachuma kidogo kidogo, wakala, wakashiba.

Basi, wanangu, msitegemee nguvu zenu mbele ya mtu anayekijua kitu chake.