Sultani Aliyetaka Kilele Kwanza

Hapo zamani, enzi ambazo babu wa babu yangu alikuwa bado hajajifunza kutia chumvi, palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Mwambakuu, na aliyeutawala aliitwa Sultani Mwinyi Jaha. Alikuwa mtu mwema akishiba, na kwa kuwa alishiba mara nyingi, raia hawakumlalamikia sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu, hakujua kungoja. Kahawa hakuingoja ipoe, aliinywa ikamchoma ulimi, kisha akamgombeza mpishi kwa kuipika ikiwa moto.

Basi Sultani huyo alikuwa na binamu yake, Sultani Sudi, aliyetawala mji wa ng'ambo, mtu wa mzaha asiyejua kufunga mdomo. Siku moja Sudi alikuja kutembea, akakaa darini kwa Mwinyi Jaha, akatazama huku na huku, akasema, "Ewe binamu, mimi kwangu nikipanda juu naona vyombo vinavyokuja kabla nahodha mwenyewe hajajua anakokwenda. Wewe hapa unaona nini? Nguo za jirani zimeanikwa."

Maneno hayo yalimkaa Mwinyi Jaha kooni kama mwiba wa samaki. Sudi hajafika kwao, huku nyuma imeshatoka amri ya kujenga mnara ufukweni, mnara wa kutazamia, mrefu, wenye baraza juu ya kupungia upepo, ili watu watoke miji ya mbali waje kuupanda, na wakifika kileleni waseme, "Loo!" Tena akampelekea Sudi mwaliko aje siku ya mwezi mpevu, awe wa kwanza kusema hiyo loo. Na kwa kuwa aliwajua vijana wa mji wake, kwamba wangetaka kujionyesha kwa kujirusha baharini kutoka juu, akaamuru ipigwe mbiu, "Mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, asishuke kileleni ila kwa ngazi. Atakayeshuka kwa njia nyingine atakiona cha mtema kuni!" Mnara wenyewe wakati huo ulikuwa shimo. Lakini sheria yake ilikuwa imekwisha kamilika.

Kazi alipewa Fundi Vuai, mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mawe za Mwambakuu. Vuai alijenga kama mafundi wa pwani walivyojenga tangu hapo, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ukifika kifuani mwa mtu, mafundi huweka zana chini, wakaufunika makuti, wakauacha siku nyingi mpaka chokaa ikaze, ndipo waupandishe tena. Wenyewe husema ukuta umelala.

Sasa kila asubuhi Sultani alikuja ufukweni kuuliza, "Umefika wapi?" Siku ya kwanza ulikuwa magotini, akafurahi. Baada ya hapo ukawa kiunoni, akafurahi zaidi. Ukawa kifuani, akapiga makofi. Kesho yake, kifuani. Kesho kutwa, kifuani. Na mafundi wamekaa kivulini wanacheza bao.

"Fundi," akasema Sultani, na sauti yake ikaanza kupanda badala ya mnara, "mbona hauendi?"

"Mola akuweke, bwana wangu. Ukuta umelala."

"Umelala! Umefanya kazi gani hata ukachoka?"

"Chokaa haijakaza, bwana. Tukiongeza mawe leo utatuangukia."

"Na mgeni wangu je? Nimwambie asubiri nje mpaka ukuta uamke?"

Mafundi wakaangalia chini ili wasicheke, na hilo ndilo lililomponza Vuai, kwa maana Sultani aliona mabega yao yakitikisika. Basi hapo hapo akaamuru Vuai atiwe gerezani, akasema, "Utakaa humo mpaka nitakapokaa kileleni. Na siku ya mwezi mpevu ikipita sijakaa, mkono wako huo wa kushikia mwiko nitaukata, maana naona huna kazi nao."

Vuai alikuwa na dada yake, Kidawa, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga sakafu. Nyumba za mawe zikiezekwa, hukusanywa watu na magongo, wakaitwanga chokaa ya darini kutwa kucha kwa nyimbo, na Kidawa ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mali hakuwa nayo. Akili nayo watu walisema hakuwa nayo, kwa sababu alichukua kila neno kama lilivyotoka kinywani mwa mtu. Jirani yake aliwahi kumwambia, "Kidawa, niangalizie wali wangu," naye akakaa akauangalia mpaka ukaungua. Alipogombezwa akajibu, "Niliuangalia vizuri sana. Kuepua hukunituma." Ukoo wa yule jirani unamwita juha mpaka leo, ingawa tangu siku ile hakuna aliyewahi kumtuma tena bila kumlipa.

Kidawa alimpelekea kaka yake chakula gerezani. Alimkuta ameuficha mkono wa kulia kwapani kama mtu mwenye homa, na hakutaka kuutoa hata kula.

"Waambie mafundi waupandishe ukuta, dada," akasema Vuai. "Nimechoka kubishana."

"Ukiwaangukia?"

Mafundi wale walikuwa watoto wa mjomba, mashemeji, na majirani wa mlango kwa mlango. Vuai akaanza kulia.

"Basi hatuupandishi," akasema Kidawa. Akamlisha kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, kisha akajifunga kanga kiunoni akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani.

Huko alimkuta Mwinyi Jaha anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na Waziri Nyange anamfuata nyuma akisema, "Kweli kabisa, bwana," hata pale Sultani alipokuwa hajasema kitu.

"Chini, chini, chini!" akafoka Sultani. "Kila siku naambiwa habari za chini! Nani amealikwa kuja kutazama chini? Mimi nataka kilele!"

"Kweli kabisa, bwana," akasema Waziri.

"Kijengwe kilele kwanza!"

Baraza zima likasema hilo ni wazo ambalo halijapata kuonekana duniani, na kwa kweli walikuwa hawakosei. Kidawa akapiga magoti.

"Labeka, bwana wangu. Mimi nitakujengea kilele kwanza."

Sultani akamtazama kwa mashaka. "Wewe? Dada wa yule mlalaji?"

"Mimi, bwana. Lakini nisije nikakosea, maana watu wanasema sina akili. Kilele kije kwanza, na chini?"

"Chini kutakuja baadaye. Hata mwakani!"

"Na utakapokaa kileleni, kaka yangu atatoka na mkono wake?"

"Nitakapokaa kileleni, kaka yako atatoka na mikono yote aliyoingia nayo. Wote hawa ni mashahidi."

"Nikijenge wapi, bwana?"

"Mbele kabisa! Pasiwe na kitu kati yangu na bahari. Nikitazama huku nione bahari, na huku bahari, na nikigeuka nyuma yangu, bahari."

"Maji pande zote?"

"Pande zote, mwanamke! Unataka nikuimbie?"

"Hapana, bwana, nimesikia," akasema Kidawa, akaenda zake.

Ikawa siku ya mwezi mpevu imefika, siku ambayo bahari hupwa mbali sana asubuhi na kujaa sana alasiri. Kulipokucha, Kidawa na mafundi waliteremka wakaupita ule ukuta uliolala, wakafika pale maji yalipokuwa yameacha mchanga mtupu, wakajenga mviringo wa mawe kwa haraka haraka, chokaa mbichi juu ya chokaa mbichi, hadi kifuani mwa mtu. Ndani wakaweka viti viwili vya heshima. Mlango hawakuweka, kwa kuwa kilele cha mnara hakina mlango, mtu huingia kwa chini.

Adhuhuri Sultani Sudi akawasili na watu wake, akapewa halua na kahawa, na alasiri msafara ukashuka ufukweni kwa ngoma na matarumbeta. Mwinyi Jaha alipoona mviringo ule umekaa mchangani, miguu ikamsimama.

"Ni nini hiki?"

"Kilele, bwana wangu," akasema Kidawa. "Chini kutakuja baadaye. Hata mwakani."

Uso wa Sultani ukabadilika rangi mara mbili tatu. Akamgeukia Waziri, na Waziri akawa anatafuta kitu kwenye vidole vyake vya miguu. Angeita askari pale pale, lakini Sudi alikuwa amesimama ubavuni, macho yanamcheka kabla ya mdomo.

"Binamu," akasema Sudi, "umenialika kileleni. Tupande basi."

Angefanyaje? Kukana mbele ya mgeni ni aibu, na kukubali ni aibu, ila ya kukubali ina kiti. Basi watumishi wakawabeba masultani wawili juujuu, wakawapitisha juu ya ukuta, wakawaketisha. Kidawa hakungoja.

"Mashahidi, bwana yetu amekaa kileleni?"

"Amekaa," likajibu baraza, kwa sauti ya watu wanaotamani kuwa kwingine.

"Mfungulieni basi," akasema Sultani kwa meno yaliyofungana, na askari akaenda gerezani.

Wale wawili wakakaa. Sudi akasema, "Loo!" kama alivyoalikwa kusema. Mwinyi Jaha akanyoosha shingo kama mtu anayeona mbali, na alichokiona ni kaa mmoja. Na bahari, jamani, bahari haina adabu ya kumngoja mtu amalize aibu yake. Ikaja taratibu, ikagusa mawe, ikazunguka kulia, ikazunguka kushoto. Wakuu wa baraza wakarudi nyuma hatua, kisha hatua nyingine, wameinua kanzu.

"Bwana wangu," akaita Kidawa, amesimama ndani ya maji, "bahari ile huku, na ile huku, na ukigeuka nyuma yako, bahari!"

Maji yakaanza kupenya ndani, yakalowesha viatu vya kifalme. "Nyange!" akapiga kelele Sultani. "Njoo ututoe!"

"Mola akuweke, bwana," akajibu Waziri kutoka nchi kavu, maana mbiu ile yeye ndiye aliyeipiga. "Mtu asishuke kileleni ila kwa ngazi."

"Ngazi ziko wapi?"

"Ziko chini, bwana," akasema Kidawa, "na chini hakujajengwa."

Sudi akacheka hata akashika mbavu. Mwinyi Jaha kwa hasira akasimama, akaegemeza tumbo lake ukutani ili amfokee Waziri vizuri zaidi. Ukuta wa chokaa mbichi haukupinga. Ukamomonyoka mawe kwa mawe, nao Sultani wa Mwambakuu akaufuata, kichwa mbele, kilemba kikaelea peke yake kuelekea ng'ambo. Alipoinuka, maji yalikuwa magotini, na uso wake mweupe kwa chokaa.

Kidawa akamsogelea.

"Umeumia, bwana?"

"Hapana," akasema Sultani, anatema mchanga.

"Ni kwa sababu umeanguka kutoka kilele kisicho na chini. Ukuta huu tuliupandisha leo leo, bila kuulaza. Kaka yangu alikataa kukujengea mwingine kama huu, lakini wa juu, juu kweli kweli."

Sultani akautazama mviringo uliobomoka. Kisha akageuka akatazama ule ukuta wa Vuai, umelala chini ya makuti yake, na akaendelea kwa macho kwenda juu, juu zaidi, mpaka pale hewani alipokuwa ametaka kukaa na mgeni wake. Akatazama tena chini.

Vuai alikuwa amekwisha fika ufukweni na askari wake, bado ameficha mkono kwapani. Sultani akatoka majini akichuruzika, akamwendea, akautoa mkono ule kwa mikono yake miwili, akaubusu.

"Nisamehe," akasema. "Ulikuwa unaniogopea, nami nikadhani unalala." Ndipo akamtazama Sudi, ambaye alikuwa angali ndani ya kilele anaogopa sheria, na kicheko kikampanda, akacheka mpaka akakaa mchangani.

Alimpa Kidawa nyumba ya mawe, naye akaipiga sakafu mwenyewe. Mnara ukajengwa kwa desturi yake, kifuani na kulala, kifuani na kulala. Sultani aliendelea kuja kila asubuhi, ila sasa alikuja kwa kunyata, akimuuliza Vuai kwa kunong'ona, "Umeamka?" Na Waziri nyuma yake akinong'ona, "Kweli kabisa, bwana."

Ulipokwisha, Sultani akasema wa kwanza kupanda awe Kidawa. Wakapanda wote, Vuai akitangulia kuonyesha ngazi. Kidawa akafika kileleni, upepo ukampeperushia kanga, mji wote na bahari yote viko miguuni pake, na watu wanangoja aseme loo.

"Unaona nini?" akauliza Sultani kwa shauku.

Kidawa akainama ukingoni, akatazama chini mchangani kwa makini sana, akanyoosha kidole.

"Naona pale bwana wangu ulipokaa juu."

Na kicheko kilichotoka kule kileleni kilisikika mpaka ng'ambo kwa Sudi, akajua bila kuambiwa nani anachekwa. Mimi niliyewasimulia sikupanda. Nilibaki chini kulinda viatu vyao, ndiyo maana nilisikia kila neno na sikuona kitu.