Moto wa Kwanza wa Mji Mpya

Hapo zamani, mvua ilipokuwa bado na adabu ya kurudi kila mwaka, palikuwa na mji wa Shunguri, wenye kuta za mawe na mifereji iliyoleta maji kutoka mlimani hadi kwenye mitama. Watu wake walijivuna: "Sisi hatuhami." Na kweli hawakuruhusiwa. Sheria ilisema, maadamu moto wa waasisi unawaka uwanjani, hakuna mguu wa kuvuka lango kwa kuhama.

Basi mvua ikakosa adabu. Mwaka wa kwanza wakaomba, wa pili wakalaumiana, wa tatu mifereji ikawa njia ya mijusi. Namweri, mtunza mbegu, akaufunga mtungi wa mtama wa mbegu, akawa analala ameukumbatia. Majirani walimtukana. Mama yake mzazi akamwomba uji kidogo tu.

"Mama, mbegu haipikwi," akajibu, huku analia.

Mama akafa, mtungi umejaa. Uchungu ule haukumtoka Namweri.

Wangali matangani, akatokea Kisaka, aliyefukuzwa zamani kwa kuiba maji ya zamu ya jirani.

"Nimepata mto usiokauka," akaita langoni. "Njooni!"

"Mwizi wa maji ndiye atuonyeshe maji?" wakamzomea. Tena moto ulikuwa unawaka.

Ndipo Tundwa, mlinzi wa moto, alipochukua kibuyu chake, mgawo wake wa mwisho wa maji, akaumwagia moto. Tssii! Watu wakapiga yowe. Adhabu ya kosa lile ilikuwa kifo.

"Mtaniua tukifika," akasema, akatangulia langoni.

Wakatoka wote, wazee wakiwa migongoni mwa vijana. Wakafika mtoni, wakanywa, wakaoga, wakarushiana maji kama watoto! Namweri akafungua mtungi. Mtama ukaota, ukapita vichwa vya wanaume, wakavuna kwa ngoma na vigelegele. Shunguri waliwaachia mijusi; wao walikuwa hai. Wala hakuna aliyekumbuka kumuua Tundwa.

Ikabaki kuwasha moto wa mji mpya. Atakayeuwasha, mji utaitwa kwa jina lake.

"Mlinifukuza, nikarudi," akasema Kisaka. "Bila mimi mngekwenda wapi?"

"Na bila mimi nani angekufuata?" akasema Tundwa. "Niliweka shingo yangu."

Namweri aliyatazama mashuke, akamkumbuka mama yake, akautaka moto ule kuliko kitu chochote duniani.

"Mngekunywa maji mkafa njaa," akasema. "Shingo yako unayo, Tundwa. Mimi mama sinaye."

Kijiti cha kupekechea moto kikawekwa katikati. Mikono mitatu ikanyooka.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza mmeshiba, msiniambie "wote watatu". Kijiti ni kimoja. Je, nani alistahili kukishika?